Kiingereza Kinywani mwa Somo

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema, asije mtu akanitafutia ushujaa humu akaukosa. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilimwogopa mwalimu wangu wa Kiingereza, na bibi yangu nilimwogopa mara mbili ya hapo, na mwaka mmoja wa hamsini na kitu hofu hizo mbili zilinikuta kwa pamoja. Hata leo nikiusimulia mwaka ule viganja vinanitoka jasho. Wajukuu zangu hunicheka. Wacheke, hawakumjua Bibi.

Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, mitaa miwili nyuma ya soko, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Ilikuwa mali ya Bibi, mzaa mama. Bibi alikuwa Mzaramo hasa, na ukiingia chumbani kwake unasema Kizaramo au unanyamaza. Baba alikuwa Mngazija, fundi cherehani; cherehani yake ilikaa barazani, na ukimpelekea chai bila kumsemesha Kingazija hageuzi shingo. Chumba cha mbele alipanga Mwarabu mwenye duka. Mkewe hakutoka nje, kwa hiyo nilikuwa natumwa kwake kila mara, na nilijua Kiarabu cha kuombea chumvi na kurudishia sufuria. Chumba cha mwisho alipanga karani wa bandarini, Mnyasa, mtu wa kanzu safi na miwani, ambaye akiimba peke yake aliimba kwa Kinyanja. Kiswahili kilikuwa cha uani, kwenye mafiga na ndoo, huko ndiko tulikogombania wote. Mama alikuwa mtu wa Kiswahili tu. Alisema amechoka kugeuzageuza ulimi.

Kwa hiyo mimi tangu mdogo, kabla sijafungua kinywa, namtazama kwanza mtu usoni nijue anataka lugha gani. Ukikosea unakula kofi, hasa kwa Bibi. Tabia hiyo ndiyo iliyoniponza shuleni.

Kiingereza tulikianza darasa la tano. Mwalimu alikuwa mwanamke Mwafrika aliyesomeshwa na misheni huko bara, mwembamba, na viatu vyake ulivisikia ukumbini kabla hujamwona. Hakuwa mkatili, alikuwa na haraka tu. Akikuuliza swali anagonga meza kwa rula, moja, mbili, na ya tatu ikigonga hujajibu, unasimama mpaka kipindi kiishe. Lo, nimesimama mimi! Maneno nilikuwa nayo, wallahi. Lakini namtazama usoni, ngozi kama ya mama yangu, kilemba kama cha shangazi, na ulimi unakataa kuamini kwamba huyu anataka Kizungu. Rula inagonga, na mimi nimekodoa macho.

Kwenye kuandika sikuwa na taabu, maana karatasi haina uso. Mwalimu alitupa kila mmoja daftari la nyumbani, akasema kila siku tuandike ukurasa mmoja kwa Kiingereza, jambo lolote lililotokea kwetu. Baba alilipenda lile daftari kuliko mimi. Kila Ijumaa baada ya sala ya mchana alimwita karani ukumbini, akampa kiti cha mkono, akamkabidhi daftari. Karani alisoma sentensi kwa Kiingereza, kisha akaigeuza Kiswahili, na wote tulikaa mkekani kusikiliza: Mama, Bibi mlangoni pa chumba chake, mke wa Mwarabu nyuma ya pazia. "Leo asubuhi mbuzi wa jirani alikula kilemba cha bibi yangu." Watu wanaangua kicheko. Bibi hakucheka. Alisema, "Kumbe shule mnafundishwa kusengenya."

Tukafika darasa la nane. Wasichana tulikuwa wachache, na wachache zaidi ndio wangechaguliwa kwenda shule ya bweni huko bara, safari ya treni. Mimi niliitaka ile nafasi hadi nikawa siwezi kula vizuri. Mitihani ya karatasi tuliifanya, na mwalimu akaniambia kwa mkato kwamba nimeandika vizuri. Ulibaki mtihani mmoja tu, wa kusema. Mama wa Kizungu angekuja kutoka idara ya elimu, akae na kila msichana peke yake, amwulize maswali, na msichana ajibu kwa mdomo wake. Ungefanyika baada ya wiki sita.

Wiki hiyohiyo nikavunja ungo.

Sasa lazima nieleze, maana wasichana wa leo hawajui tulivyokuwa tukitetemeka. Kwa Bibi, msichana akishavunja ungo anaingizwa ndani. Anakuwa mwali. Haoni jua, haonwi na wanaume, anakaa chumbani anafundwa na somo wake, yaani mwanamke mzima aliyechaguliwa tangu zamani awe mwalimu wake wa mambo hayo. Atakaa miezi, mpaka wazee waseme ameiva, ndipo atolewe kwa ngoma. Msichana niliyekaa naye dawati moja aliingizwa ndani mwaka uliotangulia. Alipotoka alitoka na mchumba, na daftari lake la hesabu bado lilikuwa kwangu. Nilijua kabisa kitakachonipata. Nikisema, shule imekwisha.

Na sheria ilikuwa useme siku ileile. Humwambii mama yako, ni aibu. Unamwambia somo, somo anawaambia wazee. Bibi alikuwa akituambia tangu tukiwa watoto kwamba msichana anayeificha siku yake anakauka, mwili unapukutika, na kizazi hapati. Nilimwamini. Nilikuwa msomi wa darasa la nane niliyejua mito ya Ulaya kwa majina, na nilimwamini Bibi neno kwa neno. Usiku nilijishika mikono nione kama nimeanza kukauka.

Nilificha. Nilifua vitambaa bafuni alfajiri, nikavianika chini ya kanga za Mama, nikatembea kama kawaida, yaani nilijitahidi kutembea kama kawaida, na hakuna jambo gumu kama hilo. Bibi alikaa mlangoni pake akinitazama nikipita na ndoo. Alikuwa na macho madogo yasiyopepesa. "Wewe," alisema siku moja, "mbona unapita kama unayeiba?" Nikasema sina kitu, Bibi. Akasema, "Sijakuuliza kama una kitu." Nilikwenda chooni nikajifungia huko mpaka alipoondoka mlangoni.

Ningemwambia nani? Kizaramo kilikuwa cha Bibi, Kingazija cha Baba, Kiarabu hakikuwa na maneno hayo kwangu, Kiswahili kilisikiwa na nyumba nzima. Lakini Kiingereza hakikuwa na mwenyewe. Karani alikuwa amekwenda likizo kwao Unyasani, na alikuwa hatarajiwi mpaka mwezi unaofuata. Basi nikageuza daftari langu, nikaanza kuandika kutoka nyuma, ukurasa wa mwisho ukiwa wa kwanza. Niliandika kila kitu. Siku yangu ya kwanza, vitambaa, macho ya Bibi, kukauka, shule ya bweni. Nikiandika kifua kinapungua uzito. Nilijiona mjanja kweli! Nilikuwa na chumba changu ndani ya nyumba ya Bibi, na ufunguo ninao peke yangu.

Karani alirudi mapema. Alipata nafasi kwenye lori, sijui kwa nani, akaingia Alhamisi jioni na sanduku lake la bati. Mimi sikujua. Ijumaa nilikuwa bombani kuchota maji, foleni ndefu, na Baba, ambaye kwa wiki nzima alikuwa amekosa starehe yake, alikwenda mwenyewe kwenye mkeka wangu akalichukua daftari chini ya mto.

Nilipoingia ukumbini na ndoo kichwani, watu wote wamekaa. Karani kwenye kiti cha mkono, miwani puani, daftari mkononi. Ameshasoma kurasa za mbele, habari ya mvua na paa linalovuja, na Baba anatabasamu. Kisha upepo au shetani, mimi sijui, karani akaligeuza daftari akaona kuna maandishi nyuma. "Aha," akasema, "huku pia ameandika. Tena mengi!" Sauti yangu ilikuwa wapi? Nilisimama na ndoo ile kichwani, maji yakinitiririka shingoni, nikasikia anasoma sentensi ya kwanza kwa Kiingereza, kwa sauti yake nzuri ya ofisini.

Hakuigeuza. Alisoma ya pili kimoyomoyo, nikaona midomo inacheza. Kisha akalifunga daftari taratibu, akaliweka juu ya kiti baada ya kusimama, akavua miwani. Alikuwa mtu mwenye haya. Angeweza kusema uongo, jamani! Angeweza kusema nimeandika habari za mbuzi. Lakini mwanamume wa heshima mbele ya mama mkwe wa rafiki yake hana hata uongo wa jambo kama lile, hawezi kusimama karibu nalo. Akatazama chini, akamwambia Baba, "Yaliyobaki ni ya akina mama." Akatoka, akapita ukumbini hadi barazani, na viatu vyake akaviacha mlangoni.

Basi. Hakuna aliyehitaji Kiingereza zaidi ya hapo. Baba aliinuka bila kunitazama, akamfuata karani nje. Mke wa Mwarabu alisema kitu nyuma ya pazia, taratibu. Mama alikuja akanitua ndoo. Na Bibi alikuwa bado mlangoni pake, akaniuliza kwa Kizaramo, kwa sauti ndogo kabisa, "Tangu lini?"

Nilisema. Akahesabu kwa vidole. Alikuwa hana hasira, na hiyo ndiyo iliyoniogofya kuliko kofi. Alisema, "Umekwenda kumwambia karatasi kabla ya kumwambia mtu." Akaninyoshea mkono kuelekea chumbani kwake, nikaingia, na mlango ukafungwa.

Somo wangu aliitwa jioni ileile. Alikuwa mama mnene, muuza vitumbua pale geti la soko, mwenye sauti ya kuvuka barabara. Ukiwa umelala Kariakoo asubuhi, sauti yake ndiyo inayokuamsha: vitumbua vya moto! Hakujua kusoma hata jina lake, na alikuwa hajawahi kuogopa kitu chochote, nadhani. Alinikumbatia akaniambia, "Somo yangu, kumbe umekua," akacheka, akaanza kunifunda.

Sharti moja katika yote ndilo lililonikaa rohoni. Mwali wa Bibi hasemi na mtu wa nje. Akitaka neno, anamnong'oneza somo sikioni, na somo ndiye anayelisema. Hata akitaka maji. Hata akija shangazi kumsalimu, shikamoo yake inapitia kwa somo, na marahaba inarudi kwa njia ileile. Na macho chini, daima. Siku za kwanza niliona taabu. Kufikia wiki ya tatu nilishtuka kugundua nimezoea. Nilikuwa najaribu Kiingereza chini ya shuka, kwa pumzi tu, na nilipotaka kukitoa kwa sauti hakikutoka. Nililia siku hiyo, nikauuma mto.

Siku za mtihani zilikaribia. Baba hangeweza kumkabili mama mkwe kwa jambo la mwali. Hata kulitaja hangeweza. Aliyesema ni Mama. Mimi nilikuwa ndani, nikasikia kupitia mlango. Mama yangu hakuwahi kumbishia Bibi maishani.

"Mama," akasema, "mwali akiugua haendi hospitali?"

"Anaenda. Anafunikwa, anaenda na somo wake."

"Na daktari akimwuliza, nani anajibu?"

"Somo wake. Kwani hujui?"

"Basi na huko aende na somo wake. Mzungu mwenyewe ni mwanamke."

 Nilishika chuma cha kitanda. Bibi alikuwa mtu wa mila, na mila ndiyo iliyomshika. Alitafuta tundu asilione. Mwisho akasema, "Ataenda. Lakini ataenda mwali, na atarudi mwali. Nikisikia sauti yake imetoka nje, nitajua la kufanya." Somo alikuwepo, akasema yuko tayari, tena kesho akitaka.

Siku yenyewe walinivisha baibui la Somo, likanimeza. Tulipita kando ya soko asubuhi, watu wakishusha magunia, na mimi naona miguu tu, miguu ya wachukuzi, magurudumu ya mikokoteni, maganda ya machungwa. Kila aliyemjua Somo alimwamkia, naye anajibu kwa kelele. Nilikuwa na hofu mbili ndani ya baibui moja. Nisiposema, shule imekwisha. Nikisema, Bibi atajua, maana Somo hakuwa mtu wa kuficha neno; hata siri alizitangaza.

Mama wa Kizungu alikuwa amekaa chumba cha mwalimu mkuu, meza, karatasi, gilasi ya maji iliyofunikwa kitambaa cha shanga. Wenzangu walikuwa wamejipanga ukumbini. Mwalimu wangu aliponiona naingia na mtu, viatu vyake vilikuja mbio, lakini Somo alikuwa ameshaketi kwenye kiti nilichowekewa mimi. Nikakaa chini, sakafuni, ubavuni pake.

Mzungu aliuliza jina langu. Nikamnong'oneza Somo sikioni, kwa Kiingereza. Na Somo, jamani, akaangalia mbele, akajaza kifua, akakitoa Kiingereza kile vilevile alivyokipokea, sauti kwa sauti, kama anavyotangaza vitumbua! Ukumbini wasichana waliguna. Mzungu aliinua kichwa. Akauliza nina umri gani. Nikanong'ona, Somo akatangaza. Akauliza baba yangu anafanya kazi gani, tunaishi wangapi, asubuhi nafanya nini kabla ya kuja shule. Kila jibu lilitoka kwangu likiwa pumzi na kwa Somo likiwa tarumbeta. Mengine aliyavunja njiani. Mengine yalitoka mazima, na akimaliza alinitazama akitabasamu, kana kwamba tunasukana nywele.

Mzungu aliweka kalamu. Alimwita mwalimu, wakasemezana mlangoni, nikasikia mwalimu akieleza haraka haraka, nikasikia neno la Kiingereza la mila. Nikajua imekwisha.  Kisha yule mama akarudi, asikae mezani, akasogeza kiti chake karibu yetu, akainama mpaka nikaona viatu vyake vya kamba na vidole vya mkono wake juu ya goti. Akauliza polepole, swali ambalo halikuwa kwenye karatasi. Aliniuliza naogopa nini.

Hapo sikufikiri. Wiki zote zile hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, kwa lugha yoyote. Nikaweka mdomo kwenye sikio la Somo, na Mzungu alikuwa karibu kiasi kwamba nadhani alinisikia kabla ya Somo kutangaza, nikasema kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa: namwogopa bibi yangu.

Somo akalitangaza. Safari hii hakuvunja hata neno. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wasichana wote wale walielewa, na Somo akacheka nao kwa furaha akidhani tumeshinda. Mzungu hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, akasema tunaweza kwenda.

Njia nzima Somo alikuwa hashikiki. "Nimesema na Mzungu!" Alimwambia muuza mkaa, akamwambia fundi baiskeli. Tulipofika, Bibi alikuwa amekaa ukumbini anatungojea, na Mama amesimama nyuma yake anakunja pindo la kanga.

"Sauti yake imetoka?" Bibi akauliza.

"Haijatoka hata chembe. Mimi ndiye niliyesema. Kizungu chote nimekisema mimi, Mzungu akaandika, watu wakanishangilia."

"Kizungu umekisema wewe?"

"Mimi."

"Kiseme tusikie."

 Somo alifikiri kidogo, akakuna kichwa, akasema mengine yamempotea lakini lile la mwisho, lile walilolishangilia, analo. Akajaza kifua. Akalisema lote, ukumbini kwa Bibi, mbele ya Bibi: namwogopa bibi yangu. Nilitupa jicho mlango wa karani. Umefungwa, yuko kazini bandarini. Hakuna mwingine mle ndani aliyejua hata neno.

Bibi akanigeukia. "Maana yake nini?"

Macho chini. Nilihesabu nyuzi za mkeka. Ningesema kweli? Nilimwogopa hata kumwambia kwamba namwogopa. Nikamsogelea Somo, nikamnong'oneza kwa Kizaramo uongo wa kwanza uliokuja, na Somo akautangaza: "Anasema, nampenda bibi yangu."

Sijui nilitarajia nini.  Bibi alitazama mikono yake, akaigeuza, akatazama viganja. Baadaye akauliza, "Mzungu alimwuliza nini hata akasema hivyo?" Nikanong'ona, Somo akasema: aliuliza nampenda nani. Bibi akainuka akaingia chumbani, akakaa huko kitambo. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na akamwambia Somo, "Nifundishe hilo neno."

Alijifunza siku mbili. Bibi ambaye hakuwahi kukubali hata Kiswahili chumbani mwake! Alilisema kwa mke wa Mwarabu, akalisema sokoni kwa Mhindi muuza vitambaa, ambaye alikunja uso kisha akaitikia kwa kichwa kwa adabu. Kila akilisema mimi nakufa. Karani alimsikia uani jioni moja. Nilikuwa nyuma ya mlango. Karani aliacha kunawa uso, akasema, "Umelisema vizuri, Bibi. Bila kosa." Akaendelea kunawa.

Barua ya shule ya bweni ilipokuja, Baba aliishika hajui aseme nini, akamtazama Bibi. Tulimtazama wote. Bibi akasema mwali atatolewa mapema, ngoma ndogo, kisha aende. Shangazi mmoja alipinga. Bibi akamwambia, "Mtoto aliyenitaja mimi mbele ya Mzungu, nitamfungia ndani nimfanye nini?" Nilipata nafasi yangu hivyo. Nimekuwa mwalimu miaka thelathini kwa sababu hiyo, na uongo ule sijapata kumwambia mtu mpaka leo.

Siku ya safari walinisindikiza stesheni. Nilikuwa nimekaa dirishani na wasichana wengine wa bweni, wageni kwangu, waliokuwa wakisema Kiingereza kwa kujionyesha. Bibi alisukuma watu mpaka akafika chini ya dirisha, akaushika mkono wangu, akaniambia mbele yao wote kwa Kiingereza, akitabasamu kama sijawahi kumwona: namwogopa bibi yangu. Wasichana wakageuka. Mmoja akaziba mdomo.

Niliinama hadi nikaligusa shavu lake. Nikamwambia kwa Kizaramo neno ambalo kwetu mtoto halisemi hivihivi kwa mkubwa, na safari hii lilikuwa kweli. Nikasema, "Bibi, nakupenda."

"Hilo umeshalisema," akasema Bibi. "Kaa vizuri, treni inaondoka."